Safari ndefu bila gari la nyuma
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Garissa)



Mashindano ya baiskeli ya masafa marefu ni ya namna mbili. Tour d'Afrique, iliyoanza 2003, hutoka Kairo hadi Cape Town, karibu kilomita 12,000, na imewahi kupita Moyale na Marsabit. Magari hubeba mizigo na chakula.

Race Around Rwanda, iliyoanza 2020, ni karibu kilomita 1,000 za milima, na hakuna gari la kukufuata. Lakini bila msaada si bila watu, jamani! Chai ya dukani na fundi wa njiani ni ruhusa, kwa kuwa viko wazi kwa kila mtu. Kinachokatazwa ni rafiki kukungojea na vitu vyako peke yako.

Haya, ukienda Dadaab kwa baiskeli, karibu kilomita 100 za jua, pancha ikitokea utamwita nani? Beba maji, viraka na pampu.

Na pampu ya kisima je? Gari la msaada likija, tushukuru. Lisipokuja, nani anajua kuifungua? Washa ya akiba iko wapi? Kila kikundi kichague wawili wajifunze, mwezi huu huu.