Mji Ulioitwa Kambi: Kolwezi na Hesabu ya Watu Wake

Mtu wa Pwani akisikia neno "kambi" huona mahema, bendera na mlinzi mwenye bunduki getini. Kwa mzee wa Kolwezi neno hilohilo lina harufu nyingine: unga wa mahindi unaopimwa kwenye foleni ya posho, nyumba za matofali zilizopangwa mstari kwa mstari, king'ora cha mgodi kinachotenganisha zamu ya usiku na ya asubuhi. Kambi kwake ni mtaa wa wafanyakazi. Mzee huyo hajakosea Kiswahili. Katika Katanga, eneo ulimo mji huu, mwenye mgodi na mkuu wa jeshi walitumia neno moja kwa sababu walipanga watu kwa namna moja, na mhadhara huu unaanzia hapo.

Jiografia ya miji iliyo kando ya vituo vya kijeshi ina maswali yake ya kawaida: askari wangapi, raia wangapi, nani anamlisha nani. Kolwezi haina kituo kikubwa cha jeshi ubavuni. Kile kikubwa, Kamina, kiko zaidi ya kilomita 200 upande wa kaskazini. Hata hivyo maswali yaleyale yanauhusu mji huu kuliko miji mingi yenye kambi, kwani mji wenyewe ulijengwa kama kambi, ukahesabiwa kama kambi, na askari wamekuwa wakiujia kila bei ya mawe yake inapopanda au serikali inapoyumba.

Kwanza ardhi. Kolwezi iko juu ya uwanda wenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kaskazini-magharibi mwa Lubumbashi. Usiku wa Juni ni wa sweta. Pembeni unapita Lualaba, mto ambao ulimwengu unaujua zaidi kwa jina unalopewa mbele ya safari, yaani Kongo. Ukiitazama Kolwezi kutoka angani utaona kanga iliyogugunwa na panya, kila upande tundu. Sababu iko chini. Wanajiolojia wanaeleza kwamba bamba kubwa la miamba, lenye urefu wa karibu kilomita 20 na upana wa karibu 10, lilisukumwa kutoka lilikozaliwa likaja kulala juu ya miamba migeni, likivunjikavunjika njiani. Shaba na kobalti zimo ndani ya vile vipande. Ndiyo maana Kolwezi haina mgodi mmoja. Ina Musonoi, Kamoto, Mutoshi, Mashamba, Dikuluwe, Mupine, na lile shimo kubwa la KOV, ambalo jina lake limeunganishwa kutoka Kamoto, Oliveira na Virgule. Watu walijenga mapengoni, kati ya shimo na shimo.

Wenyeji walizijua dalili za madini hayo zamani. Vilima vyenye shaba nyingi havioti miti. Vinabaki na nyasi na maua machache yanayostahimili sumu yake, mojawapo likiwa lile ambalo wataalamu wa mimea wameliita Haumaniastrum katangense. Wasanga na majirani zao waliyeyusha shaba wakaimimina katika umbo la msalaba, na misalaba hiyo ikawa fedha ya biashara na ya mahari. Katika karne ya 19 Msiri, mtu wa asili ya Unyamwezi, alijenga dola yake huko Bunkeya, ambayo leo imo ndani ya jimbo la Lualaba, akauza shaba na pembe mashariki na magharibi mpaka alipouawa Desemba 1891. Misafara ilileta Kiswahili. Kampuni za migodi zilizofuata zikakifanya lugha ya kazi, na watoto wa mitaa yao wakakifanya lugha ya mama.

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na mji wa Kolwezi ukaanzishwa mwaka 1937. Kufikia wakati huo kampuni ilikuwa imekwisha kujifunza somo moja la idadi ya watu. Katika miaka ya mwanzo vijana walichukuliwa vijijini peke yao kwa mikataba mifupi. Wengi waliugua, walikufa au walitoroka. Kuanzia mwaka 1928 mpango ukageuzwa: mfanyakazi alipewa mkataba wa miaka mitatu, akaruhusiwa, na hata kuhimizwa, kuja na mke. Wengi walitoka Kasai. Nyumba zikajengwa, zahanati na shule zikafuata, na posho ikatolewa kwa mke na kwa watoto pia.

Hapa ndipo hesabu ilipoingia jikoni. Posho inayotolewa kwa kichwa haiwezi kutolewa bila kuhesabu vichwa. Mkuu wa kambi alikuwa na daftari lake, na mtoto asiyeandikwa hakuwa na unga. Ni vigumu kupata mji wa Kiafrika wa enzi hizo ambao watu wake walijulikana kwa undani kiasi hicho: nani amezaliwa, nani ana mgeni asiye na ruhusa, nani hakwenda kazini. Wapo wanaoukumbuka utaratibu huo kwa hamu, na hamu hiyo isidharauliwe, maana watoto walisoma na wagonjwa walitibiwa. Lakini daftari lilikuwa la mwenye mgodi, na lilihesabu watu kama ghala linavyohesabu magunia.

Umeme ulikwenda na mpango huo. Mto Lualaba ulizibwa Nzilo mwaka 1952, kisha bwawa la pili likafuata Nseke mwaka 1956, yote mawili kwa ajili ya migodi na mitambo. Baadaye, mwaka 1982, waya kutoka Inga, karibu na Bahari ya Atlantiki, ulifika Kolwezi baada ya kupita kilomita 1,700 juu ya vijiji vilivyoendelea kuwasha vibatari.

Vituo vya kijeshi navyo vilikuwa na kazi. Ubelgiji ilijenga Kamina baada ya Vita Kuu ya Pili, kwa hofu za vita baridi. Katanga ilipojitenga Julai 1960 chini ya Moïse Tshombe, Umoja wa Mataifa ukaichukua Kamina, huku Kolwezi ikawa uwanja wa ndege za kivita za Tshombe, mpaka ndege za Kiswidi za Umoja wa Mataifa zilipoushambulia mwishoni mwa Desemba 1962. Ngome ya mwisho ya Tshombe ilikuwa hapahapa Kolwezi. Mamluki wake walitishia kulipua mabwawa ya Lualaba. Vikosi vya Umoja wa Mataifa viliingia Kolwezi Januari 21, 1963, na mabwawa yalikuwa mazima.

Jumamosi ya Mei 13, 1978, wapiganaji wa FLNC, chama kilichokusanya askari wa zamani wa Tshombe waliokimbilia Angola, waliuteka mji. Ndani yake kulikuwa na Wazungu zaidi ya 2,000, wengi wao wataalamu wa Gécamines, shirika la serikali lililoirithi Union Minière baada ya utaifishaji wa mwaka 1967. Ijumaa ya Mei 19 askari wa miamvuli wa Kikosi cha Wageni cha Ufaransa walidondoshwa juu ya mji. Wabelgiji walitua kwanza Kamina, kisha wakafika Kolwezi siku iliyofuata.

Vitabu vingi vimeandikwa juu ya siku zile, na vingi vinasimulia miamvuli. Kwa anayesoma idadi ya watu, jambo la kuangalia ni hesabu ya wafu. Wazungu waliouawa, zaidi ya 100, walitafutwa, wakatambuliwa, wakaandikwa majina. Waafrika wakatajwa kwa mamia, kwa makadirio, na makadirio hayo yanatofautiana mpaka leo. Ule mji uliojua idadi ya watoto wa kila nyumba kwa ajili ya unga haukuweza kuhesabu maiti zake. Wazungu wengi waliobaki hai waliondoka ndani ya siku chache.

Miaka sita baadaye, Julai 1984, nchi ilifanya sensa. Kolwezi ilikutwa na watu wapatao 200,000. Msomaji aikumbuke tarehe hiyo, kwa sababu ndiyo sensa ya mwisho ambayo Kongo imeifanya ikakamilika. Kila namba ya watu wa Kolwezi iliyotajwa baadaye ni makadirio yaliyojengwa juu ya makadirio.

Na yaliyofuata yaliivuruga mizani yote. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto ikaporomoka. Mwaka 1994 tani hazikufika 50,000. Mishahara ikakoma, posho ikakoma. Katikati ya anguko hilo, mwaka 1992 na 1993, chini ya gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza, watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Katanga. Kolwezi maelfu kwa maelfu walilala kituoni na mizigo yao wakingoja treni, baadhi kwa wiki na miezi, na si wote waliofika salama. Hawa walikuwa watoto na wajukuu wa watu walewale ambao daftari la kambi liliwaandika kwa uangalifu. Safari hii safu iliyosomwa ilikuwa ile ya asili.

Waliobaki wakaona mlango wa pili ukifungwa. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines walilipwa kuacha kazi, mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alikuwa amekwisha kukipa kitabu chake cha mwaka 2001 jina linalosema kwamba watoto wa Shaba wametelekezwa na baba yao. Baba ni kampuni. Hakuna mtu Kolwezi aliyehitaji kufafanuliwa.

Mji uliokuwa umekufa kwenye karatasi ukaanza kujaa. Kobalti ilitakiwa kwa betri za simu, kisha za magari, na Kongo sasa hutoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia. Wachimbaji wa mikono walikuja kutoka kila pembe, baadhi yao wakirudi kutoka kule kule Kasai. Mwaka 2014 madini yaligunduliwa chini ya nyumba za Kasulo, na mtaa mzima ukageuka mgodi: turubai likafunika shimo uani, watu wakashuka kwa kamba kutoka sebuleni. Mwaka 2017 sehemu ya Kasulo ilizungushiwa ukuta na kaya zikahamishwa. Katikati ya hayo, Julai 2015, Kolwezi ilikuwa imefanywa makao makuu ya jimbo jipya la Lualaba, na pamoja na wachimbaji wakaja makarani, mawakili, mapadri na wauza magari.

Juni 27, 2019, ukingo wa shimo la KCC, kampuni ya migodi iliyo chini ya kampuni kubwa ya Glencore, uliporomoka na kuua wachimbaji 43. Glencore ilisema kwamba watu wapatao 2,000 kwa wastani walikuwa wakiingia humo kila siku bila ruhusa. Mwezi huohuo askari wa jeshi la taifa walipelekwa kuwaondoa wachimbaji katika mgodi wa Tenke Fungurume, kisha wakafika KCC. Kambi zikakutana tena, ya askari na ya mgodi, na raia katikati.

Magharibi mwa mji, mgodi wa Kamoa-Kakula ulianza uzalishaji mwaka 2021. Kwa mwaka 2024 ulitangaza tani 437,061 za shaba, mpaka ile moja ya mwisho. Ukiuliza idadi ya watu wa mji jirani, majibu yanaanzia nusu milioni na kupita milioni moja.

Cité Gécamines, moja ya mitaa ya zamani ya wafanyakazi ndani kabisa ya mji, sasa iko ukingoni mwa shimo la COMMUS, kampuni ambayo Zijin ya China ina hisa nyingi. Ripoti ya Amnesty International na shirika la Kikongo la IBGDH, iliyotoka Septemba 2023, ilieleza jinsi shimo linavyosogelea nyumba, jinsi kuta zinavyopasuka kwa milipuko, na jinsi misalaba myekundu ilivyoanza kuonekana mwaka 2022, imepakwa kwenye baadhi ya majengo ili yajulikane kuwa yatabomolewa. Kwa makarani walioshika brashi, nyumba hizo zilihesabiwa moja moja.