Kufunga Maji Wakati wa Fataki: Maneno kwa Wanachama wa Siongiroi



Sisi ni watu wa reli, na wengi wenu ni watu wa chai, wa mahindi na wa maziwa. Huenda mwajiuliza, watu wa reli wana habari gani ya kuleta Chepalungu, mahali ambapo hapana hata reli? Tena habari yenyewe ni ya mashua na fataki! Hapa kwetu hapana bahari wala ziwa. Mito yetu twaivuka darajani, na kiangazi kikikaza twaivuka kwa miguu.

Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuja kwetu. Kila mwezi wa Desemba twawaona watu wa milimani katika mabehewa wakishuka pwani, na zaidi tangu reli mpya ya Mombasa na Nairobi ilipofunguliwa mwaka 2017. Wengine hukodi basi mpaka Kisumu. Ni wafanya kazi waliochanga fedha mwaka mzima katika vyama vyao vya akiba, nao huenda na watoto wao. Wataka kuyaona maji makubwa, na usiku wa kuamkia mwaka mpya wataka kuona fataki, au fashifashi kama wazee wa pwani walivyoziita. Hatuwalaumu. Mtu aliyechuma chai miezi kumi na moja ana haki ya siku yake ya furaha. Lakini wengi wao hawajui kuogelea, na wakiitwa waingie mashuani usiku hawajui la kuuliza.

Neno letu leo ni moja. Mahali fataki zinaporushwa juu ya maji, maji yale yafungwe kama sisi tufungavyo njia ya reli. Wala isiwe dakika zile za fataki peke yake. Vyombo viongozwe tangu watu wanapoanza kupakiwa hata chombo cha mwisho kitakapofunga kamba gatini.

Msishangae kwamba sisi wa reli twasema habari za maji. Reli na maji ni ndugu wa zamani. Mpaka mwaka 1969 reli na bandari za Afrika Mashariki zilikuwa shirika moja, na meli za ziwani zilikuwa chini ya reli. Hata leo meli ya MV Uhuru ya Kisumu ina reli juu ya sitaha yake, na mabehewa huingizwa ndani yake. Basi twajua kidogo mambo ya pande zote mbili.

Kwanza tueleze kufunga njia ni nini. Genge la watu likitengeneza reli, halitegemei huruma ya dereva. Hapana budi ajulikane mtu mmoja mwenye amri ya njia ile. Iwekwe mipaka, huku na huku, yenye bendera nyekundu. Zitajwe saa za kufunga na saa za kufungua. Mbele ya bendera hutegwa baruti ndogo juu ya reli, ili gurudumu likizikanyaga zilie na dereva ajue kwamba mbele kuna hatari. Na kazi ikiisha, njia haifunguliwi mpaka nyapara ahesabu watu wake na vyombo vyake, kisha aseme kwamba njia ni safi. Mambo hayo manne, yaani mtu mmoja, mipaka, saa na ukaguzi, yameokoa roho nyingi. Likikosekana moja, mengine matatu hayafai kitu.

Sasa twende majini. Fataki kubwa hurushwa kutoka juu ya tishari. Ndani ya tishari husimamishwa mabomba, na katika kila bomba hutiwa tufe lenye baruti. Tishari likisimama sawa, tufe hupanda juu na kupasuka mbali na watu. Lakini mashua yenye mashini ikipita karibu kwa kasi, huacha mawimbi. Tishari huyumba, bomba huinama, na tufe lililokusudiwa mbinguni huenda likaelekea ubavuni. Kadhalika yako matufe yanayokataa kupasuka, yakaanguka majini hali yana baruti ndani. Tena walio juu ya tishari ni wafanya kazi kama sisi, wala hawana mahali pa kukimbilia.

Marekani wanayo kanuni rahisi kukumbuka. Kwa kila inchi moja ya upana wa tufe, zitengwe futi 70 za nafasi. Tufe la inchi 3 lahitaji futi 210, na tufe la inchi 6 lahitaji futi 420 kila upande, yaani kupita urefu wa uwanja wa mpira. Huko mwenye amri ni afisa wa askari wa pwani aitwaye Kapteni wa Bandari. Yeye hutangaza mapema sehemu ya maji iliyofungwa na saa zake, na hapana chombo kinachoingia ila kwa ruhusa yake. Sydney katika Australia hufanya hivyo kila mwaka mpya, na London mto Thames hufungwa kwa vyombo usiku ule. Ni miji mikubwa inayopenda sana fataki, nayo haikuona kwamba kufunga maji kunaharibu furaha.

Lakini, ndugu zetu, msidhani kwamba hatari kubwa ni cheche za moto. Hatari kubwa ni vyombo vyenyewe. Fikirini mashua mia katika giza, zote zikitaka kukaa mahali pamoja. Macho yaliyotazama mwanga mkali hayaoni gizani mara moja. Mlio wa fataki hufunika honi. Moshi hulala juu ya maji. Sisi wa reli tukiona taa nyekundu twasimama, lakini majini taa nyekundu huwa upande wa kushoto wa chombo na ya kijani upande wa kulia, na nahodha huzisoma ili ajue mwenzake aelekea wapi. Usiku ule mbingu yote ni nyekundu na kijani. Atasoma nini? Na abiria nao, fataki zikianza, wote hukimbilia upande mmoja wa mashua.

Twataka mlisikie vizuri jambo la Hong Kong, kwa sababu waliokufa walikuwa wafanya kazi na jamaa zao. Tarehe 1 Oktoba 2012, kampuni ya umeme ya huko iliwachukua wafanya kazi wake na familia zao katika meli yake ndogo, jina lake Lamma IV, waende kuona fataki za sikukuu ya taifa. Ilikuwa na abiria 124 na mabaharia 3. Haikufika. Dakika chache baada ya kuondoka iligongana na feri ya abiria, na nyuma yake ikazama kwa muda wa dakika mbili hivi. Watu 39 walikufa, na 8 kati yao walikuwa watoto. Baraza la uchunguzi liliona kwamba mlango mmoja wa kuzuia maji, uliopaswa kuwapo chini ya meli, haukuwapo kabisa, na wakaguzi wa serikali hawakuugundua upungufu huo miaka mingi. Jaketi za kujiokoa za watoto hazikuwamo. Mwaka 2015 mahakama iliwafunga manahodha wote wawili.

Sikilizeni jambo moja hapo. Ajali ile haikutokea chini ya fataki, ilitokea njiani. Kama maji yangalifungwa mahali pa fataki peke yake, watu wale wasingalipona. Ndiyo sababu twasema safari ya kwenda nayo iongozwe.

Na safari ya kurudi je? Tarehe 4 Julai 2012, huko Oyster Bay karibu na New York, mashua ya starehe ya urefu wa futi 34 ilikuwa ikirudi baada ya fataki. Ilikuwa imepakia watu 27. Ilipinduka, na watoto watatu waliokuwa chumba cha chini wakafa maji. Fataki zilikuwa zimekwisha na kila mtu anafikiri habari ya kulala. Nchi kavu ni vivyo hivyo. Kampala, usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2023, watu wasiopungua 9, wakiwamo watoto, walikufa kwa kukanyagana katika jengo la maduka, walipokimbilia kuona fataki. Fataki hazikumwunguza hata mmoja wao. Waliuawa na msongamano, na majini msongamano una adui mwingine chini yake.

Wala tusiseme kwamba hayo ni ya ng'ambo. Kivuko cha Mtongwe, Mombasa, kilizama tarehe 29 Aprili 1994 na watu 272 wakafa. Tarehe 8 Mei 2005 meli mbili za kubeba mabehewa, Kabalega na Kaawa, ziligongana katika Ziwa Viktoria, na Kabalega ikazama. Ziwa lote lile, pana kama nchi, na meli mbili zikakutana! Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Miezi miwili baadaye, tarehe 24 Novemba 2018, mashua ya starehe iliyojaa watu wenye ngoma na vinywaji ilizama upande wa Mukono, Uganda. Haikuwa na leseni. Walikufa zaidi ya 30. Katika hayo hapana fataki hata moja. Basi mtu akiongeza juu yake giza, kelele na baruti, atarajie nini?

Twajua liko neno la upande wa pili. Mwenye mashua wa Kisumu au wa Mombasa atasema, "Usiku wa mwaka mpya ndio mavuno yangu, nanyi mwafunga shamba langu." Neno hilo ni la haki, na chama cha wafanya kazi hakiwezi kulipuuza. Yeye naye ni mfanya kazi, ana watoto. Kwa hiyo kufunga maji kusiwe kumfukuza kwa virungu saa ya mwisho. Aambiwe siku nyingi mbele. Aonyeshwe mahali palipo salama ambapo mashua zenye leseni zaweza kusimama na kutazama, kila moja na nafasi yake, nanga chini. Na hoteli inayovuta wageni kwa fataki ilipie maboya, taa na boti la doria, kwa maana faida ni yake. Kadhalika wapishi na wafagiaji wa hoteli wanaotegemea kivuko kurudi kwao usiku wasiachwe gatini. Saa za kufunga zijulikane, na mwajiri awape njia ya kufika nyumbani. Watu wa Likoni wamezoea kusubiri. Feri hungoja meli kubwa ipite, kisha huvuka, na hapana anayesema kwamba ameonewa, kwa kuwa ajua sababu na ajua kwamba zamu yake yaja.

Kenya tunayo Mamlaka ya Bahari yenye kazi ya usalama wa vyombo, na tangu mwaka 2018 tunao askari wa pwani. Vyombo vya kutoa amri vipo. Kinachotakiwa ni amri yenyewe kutolewa mapema, kwa Kiswahili, na kubandikwa gatini mahali abiria atakapoiona.

Mwisho, ndugu zetu, hapa Siongiroi mwaweza kufanya nini? Mwaweza kuuliza. Chama cha akiba, au mwajiri, au sisi chama chenu tukipanga safari ya kuona fataki majini, ulizeni hivi kabla ya kutoa shilingi moja:

1. Nani ana amri ya maji usiku ule, na mipaka ya mahali palipofungwa i wapi?
2. Mashua ina leseni ya watu wangapi, na nani atawahesabu wakati wa kuingia na wakati wa kutoka?
3. Jaketi za kujiokoa zatosha kila mtu, na za watoto zipo?
4. Nahodha amelala mchana, na hakunywa pombe?
5. Fataki zikiisha, nani atasema "Ondoka sasa", ili mashua zisitoke zote pamoja?

Likikosa jibu hata swali moja, tazameni fataki kutoka pwani. Zaonekana vizuri vile vile, na miguu i juu ya nchi.

Asiwacheke mtu akasema kwamba watu wa milimani ni waoga wa maji. Dereva anayesimama penye bendera nyekundu hatumwiti mwoga. Twamwita mtu aijuaye kazi yake, na genge lililo mbele yake hurudi nyumbani jioni likiwa kamili. Nasi twataka basi litakalotoka Siongiroi mwezi wa Desemba lirudi mwezi wa Januari na watu wale wale, kwa hesabu ile ile.

Umoja ni nguvu.