Mhunzi wa Kilwa na Neno "Umeme"



Tuchukulie kwamba mmoja wetu amejikuta Kilwa mwaka 1331, mwaka ambao Ibn Battuta aliuzuru mji huo, naye ameazimia kuzalisha umeme. Shaba ataipata, kwani masultani wa Kilwa walitengenezea sarafu. Atahitaji pia sumaku na waya mrefu. Kanuni yenyewe, ya kusogeza sumaku ndani ya mizunguko ya waya, ilionyeshwa na Michael Faraday mwaka 1831, miaka 500 baadaye.

Kikwazo cha kwanza, hata hivyo, ni lugha. Akimwambia mhunzi kwamba anataka umeme, mhunzi atatazama mawinguni, maana umeme asilia ni ule utanguliao ngurumo. Maana ya pili tuliiongeza baada ya kukipokea kitu chenyewe.

Istilahi, basi, hukitaja kitu, haifundishi kukitengeneza. Ujuzi umo katika vitenzi vya mafundi: kufua, kusubu, kuvukuta. Tukikusanya nomino mpya huku tukiviacha vitenzi hivyo vizikwe na wahunzi, tutabaki na majina matupu. Nawasihi wanafunzi: waendeeni wahunzi waliosalia, mkaandike wanavyosema wanapofanya kazi.