Haki ya Kusoma kwa Ndugu Zetu Wasioona
(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei, Gare)



Ndugu wapendwa, tukitaja haki, fikira zetu huenda upesi kwenye mashamba, mipaka na mirathi. Leo naomba tuitazame haki ambayo haipimwi kwa hatua: haki ya kusoma.

Kwetu Usambara jambo hili si geni. Hapo Irente, karibu na mji wa Lushoto, wenzetu Walutheri walianzisha shule ya watoto wasioona mwaka 1963. Mtoto asiyeona hujifunza kusoma kwa vidole nukta nundu, maandishi ya nukta sita ambayo Louis Braille, Mfaransa asiyeona, aliyachapisha mwaka 1829. Lakini akirudi kijijini, atasoma nini? Kitabu kimoja cha kawaida, kikitiwa nukta nundu, huwa mabuku kadhaa manene ya gharama kubwa. Wasioona wenyewe wameiita hali hii njaa ya vitabu. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 ulikusudia kuipunguza, kwa kuruhusu vitabu vigeuzwe kuwa nukta nundu au sauti bila kusubiri kibali cha mwenye hakimiliki. Nchi yetu ilijiunga nao mwaka 2020. Ni jema, ila mkataba hauchapishi kitabu.

Siku hizi simu imefungua mlango mwingine. Simu nyingi za kisasa zina programu inayosoma kwa sauti maandishi yaliyo kwenye kioo. Kwa kompyuta ipo NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, nayo hutolewa bure. Basi kikwazo ki wapi? Mara nyingi tunakiweka sisi. Tangazo linaandikwa, linapigwa muhuri, kisha linapigwa picha na kutumwa kwa WhatsApp. Programu ile husoma herufi. Karatasi iliyopigwa picha, kwake mara nyingi ni picha tu. Mwenye macho anapata ratiba ya mafundisho ya kipaimara, asiyeona anaambiwa kuna picha, basi. Kitabu cha Walawi (19:14) kinakataza kuweka kikwazo mbele ya kipofu. Wengi hufikiria jiwe au gogo, kumbe hata muhuri wetu umo!

Zito zaidi ni habari ya fedha. Huduma ya fedha ikitengenezwa bila kumfikiria asiyeona, yeye hulazimika kumtajia mtu mwingine namba yake ya siri. Sisemi kila msaidizi ni mwizi. Nasema hadhi ya mtu mzima haikubali akabidhi siri yake ili apate fedha yake mwenyewe. Wakija kwenu watu wa mitandao au wa serikali kueleza huduma mpya, waulizeni: asiyeona ataitumiaje peke yake?

Kwa upande wetu, makatibu wa jumuiya waandike tangazo kwa herufi ndani ya ujumbe wenyewe, na picha yenye muhuri ifuate baadaye. Asiye na simu asomewe nyumbani. Wazee wenye uoni hafifu wachapiwe nyimbo kwa herufi kubwa.

Tena tusiwaamulie. Bartimayo alikuwa kipofu mbele ya watu wote, hata hivyo Bwana alimwuliza kwanza anataka afanyiwe nini (Mk 10:51). Kwa hiyo kila mwenyekiti wa jumuiya awatembelee wasioona wa eneo lake, awaulize ni maandishi gani wanayakosa, na majibu yao ayalete kwenye kikao kijacho cha Tume.