Ini la Mvuvi na Neno "Kuharibika"

Wahitimu, neno linalotumikishwa kupita kiasi wodini ni kuharibika, kwani barabara huharibika, sangara aliyekosa barafu huharibika, mimba huharibika, na figo nayo husemwa imeharibika, kana kwamba mwenyewe ataipeleka kwa fundi.

Kiswahili hakina upungufu wa maneno. Tishu, yaani mkusanyiko wa seli zenye kazi moja, huweza kuvimba ikapona. Huweza kusinyaa, hali iitwayo atrofi. Huweza kupungukiwa damu, yaani iskemia, na upungufu ukizidi ikafa, ambako ndiko nekrosisi. Au huweza kuota kovu, yaani fibrosisi, nyuzi ngumu zikishika nafasi ya kilichokuwa laini.

Kovu ndilo la kuzingatiwa, maana ziwa liletalo kovu hilo kwenye ini liko hapo chini ya kilima cha Bugando. Vimelea vya kichocho cha tumbo hutoka kwa konokono wa majini, hupenya ngozi ya mvuvi, ya mama afuaye na ya mtoto aogaye, kisha hutaga mayai ambayo baadhi yake husombwa na damu hadi ini, yakanasa katika vijitawi vya mshipa utokao utumboni na kuzungukwa na kovu ambalo mwanapatholojia Symmers, mwaka 1904, alilifananisha na mirija ya viko vya udongo. Damu ikizibiwa njia, wengu hukua, mishipa ya umio hututumka, na ikipasuka mgonjwa hutapika damu, ingawa seli za ini mara nyingi huwa bado zinafanya kazi, tofauti na sirosisi, ambayo huligeuza ini lote kuwa vinundu na kulidhoofisha.

Msemaji wa leo alijifunza tofauti hiyo kwa aibu. Akiwa daktari mchanga alimwambia mvuvi asiyeonja pombe kwamba ini limeharibika. Ndugu wakasikia ulevi, na mvuvi akajificha kisiwani kwake hadi alipotapika damu mara ya pili. Kovu angelielewa, kwa kuwa alikuwa nalo mguuni.

Kwa hiyo mhitimu atakayepangiwa kisiwani Ukerewe, akishatoa prazikwanteli, dawa ya kichocho, aseme wazi kwamba dawa huua minyoo lakini kovu la zamani huenda likabaki, na kwamba atakayetapika damu, au kupata choo cheusi kama lami, asisubiri kivuko cha kesho.