Si Kila Kivuli Kifuani Ni Kansa

(Mazungumzo na vikundi vya afya vya parokia, Machakos)

Akina mama na akina baba, leo tuongee juu ya neno moja linalovunja nyumba nyingi: "Kansa imefika kwenye mapafu."

Mama anatibiwa kansa ya matiti. Anapigwa picha ya kifua, kinaonekana kivuli. Jioni ile ile watu wa nyumbani wamekaa kikao. Mmoja anasema tuuze shamba, mwingine anasema tumrudishe Masii akapumzike.

Ngojeni kwanza! Picha haina jina la ugonjwa. Inaonyesha kivuli tu. Hapa kwetu kivuli hicho chaweza kuwa TB, au kovu la TB iliyopona zamani, au nimonia. Aliyechomwa miale kifuani, pafu lenyewe huweza kuvimba na kubaki na alama. Hata chuchu ya titi imewahi kudhaniwa ni uvimbe.

Wengine husema, basi twende Nairobi kwa mashine ya PET, kama ile ya Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Ni mashine nzuri. Mgonjwa hudungwa sukari yenye mionzi, na kansa huila kwa pupa ikang'aa. Lakini mahali penye TB pia panaila sukari ile, panang'aa vilevile. Mashine haijui kwamba mgonjwa ametoka nchi yenye TB nyingi.

Upande wa pili nao upo. Mzee anakohoa, makohozi hayakuonyesha TB, lakini kwa ajili ya kivuli anaanzishwa dawa za TB za miezi 6. Mwezi wa tatu bado anakonda, naye anaambiwa avumilie. Huyo arudishwe kwa daktari, asingoje dawa ziishe.

Kwa hiyo kabla ya kuuza kitu, muulizeni daktari kwa heshima: tumehakikisha kwa njia gani? Makohozi yanaweza kupimwa kwa GeneXpert. Kinyama kinaweza kutolewa kwa sindano kikachunguzwe maabara. Ikiwa ni TB, dawa zake ni za bure katika hospitali za serikali, na matibabu ya kansa hupangwa upya. Dawa za kansa zenyewe hupunguza kinga, na TB iliyolala huamka. Mwambieni daktari kama mgonjwa aliwahi kuugua TB, ama kama kuna anayekohoa nyumbani.

Na zile picha za zamani, jamani, msizibie nazo dirisha! Kivuli kigumu kisichobadilika kwa miaka 2 kwa kawaida si kansa, lakini daktari atajuaje bila picha ya kwanza? Ziwekeni kwenye bahasha mahali pakavu, mwaka uandikwe nje, mwende nazo kila safari.