Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Hofu ya Mwenye Biashara na Mtu wa Kuambiwa

Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 kinamlazimisha mtu kufanya jambo ambalo wengi wasingelifanya kwa hiari: kumwambia mwenzi wake kwamba nyumba wanayoishi inakwenda kuwekwa rehani. Bila ridhaa ya mume au mke, rehani ya nyumba ya familia haisimami. Hata hivyo kesi za rehani zilizowekwa bila ridhaa hiyo hazijaisha mahakamani. Dalali amekwisha fika getini, na mke ndiyo kwanza anasikia kwamba kulikuwa na mkopo. Wanasheria hubishana kuhusu sahihi na hati ya kiapo. Mwenye kutazama upande wa moyo ataona kitu kingine: mtu aliyethubutu kukopa mamilioni alishindwa kutamka sentensi moja mezani kwake.

Huko ndiko mada hii ya semina inakoelekea. Semina za ujasiriamali hujaa mtaji, masoko, kodi na namna ya kuandika andiko la mradi. Hofu haiingii kwenye ratiba, ingawa ndiyo inayomwamsha mwenye biashara saa tisa za usiku.

Wapo waliojaribu kuipima. Mwaka 2015 daktari wa magonjwa ya akili Michael Freeman na wenzake wa Marekani walitoa matokeo ya utafiti wao kuhusu wajasiriamali 242. Asilimia 49 walisema wamewahi kupata angalau tatizo moja la afya ya akili maishani mwao. Katika kundi la kulinganisha waliosema hivyo walikuwa asilimia 32. Sonona ilitajwa na asilimia 30 ya wajasiriamali, mara mbili ya wale wengine. Ni watu wachache, walijieleza wenyewe, na California si Mbagala. Tena takwimu hizo haziamui kama biashara ndiyo inayowachosha watu akili au watu wa hulka fulani ndio wanaoikimbilia biashara. Lakini zinatosha kuzima ile picha ya mjasiriamali wa kwenye mabango, mwenye tabasamu na mikono iliyokunjwa kifuani.

Kwa nini basi hasemi? Jibu jepesi ni kiburi, na mara nyingine ni kiburi kweli. Ila mtoa mada anaona sababu nzito zaidi: karibu kila mtu ambaye mwenye biashara angeweza kumweleza hofu yake ana chake ndani ya biashara hiyohiyo. Mfanyakazi anasubiri mshahara. Shemeji alitoa mtaji. Wenzake wa kikoba walimdhamini. Na Kariakoo, ambako mzigo hutolewa kwa mali kauli, yaani chukua uuze kisha ulete hela, jina la mtu ndilo dhamana yake. Neno moja likisikika kwamba fulani ameyumba, kufikia jioni wenye mizigo wamekwisha kuja kuulizia vyao. Kwa hiyo kunyamaza kuna hesabu yake. Hata akina mama wanaochukua mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, na kuwaficha waume zao hawafanyi hivyo kwa ujinga; wanajua vizuri ugomvi utakaofuata. Tatizo ni kwamba riba haisubiri mtu apate ujasiri wa kusema.

Hapa kuna mfano wa Kenya unaostahili kutazamwa kwa utulivu. Benki ya Equity ilianza mwaka 1984 kule Kangema, Murang'a, ikiwa chama cha kukopesha fedha za nyumba, chini ya waanzilishi Peter Munga na John Mwangi. Kufikia mwaka 1993 ilikuwa hoi. Asilimia 54 ya mikopo yake ilikuwa hailipwi, amana za wateja zilikuwa zikiliwa na gharama za uendeshaji, na Benki Kuu ya Kenya ilikwisha kuiona kuwa imefilisika kihesabu. Kwa wakati ule waanzilishi wangeweza kulaumu uchumi, na lawama hiyo isingekuwa ya uongo: miaka hiyo mabenki kadhaa ya Kenya yalianguka.

Badala yake walimwita mtu wa nje. James Mwangi alikuwa mhasibu wa miaka 31, mwana wa huko huko Murang'a, aliyelelewa na mama mjane, na alikuwa na kazi nzuri ya fedha katika benki nyingine. Alikuja kama mkurugenzi wa fedha. Hadithi ya Equity husimuliwa kwa kumtazama yeye, na ni haki yake; mwaka 2012 aliteuliwa mjasiriamali bora wa dunia katika tuzo ya Ernst & Young. Lakini kwa mada hii wanaovutia zaidi ni wale waliomfungulia mlango. Kumkabidhi kijana vitabu vya hesabu vyenye aibu ya miaka tisa, na kumwacha aseme anachokiona, ni kazi ya uongozi ambayo haipewi tuzo.

Kilichofuata kilikuwa kazi ya kuchosha kuliko ya kishujaa. Chama kiliacha kung'ang'ania mikopo mirefu ya nyumba, kikageukia akiba na mikopo midogo ya watu ambao mabenki makubwa yaliwaona hawana maana. Wafanyakazi walihamasishwa kununua hisa za taasisi ambayo wao wenyewe walijua ni mgonjwa. Jambo hili halifanyiki bila kuwaambia ukweli, maana hakuna anayetia fedha zake mahali anapohisi anafichwa. Desemba 2004 Equity ikawa benki kamili ya biashara, na mwaka 2006 ikaingia Soko la Hisa la Nairobi.

Nakumatt ilikwenda njia nyingine. Duka la magodoro la Nakuru, lililoipa jina lake, lilikua hadi kuwa mtandao wa supamaketi zaidi ya 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Mwaka 2013 tawi lake la Westgate lilikuwa ndani ya jengo lililoshambuliwa na magaidi. Mwaka uliofuata kampuni ilizidi kupanuka, ikanunua maduka ya Shoprite hapa Tanzania. Kufikia 2017 mteja wa kawaida hakuhitaji ripoti ya mkaguzi: rafu zilikuwa tupu, chupa za maji zimepangwa kwa upana ili kuziba nafasi. Wenye majengo wakaanza kufunga milango. Januari 2018 kampuni iliwekwa chini ya msimamizi, na miaka miwili baadaye wadai wakapiga kura ivunjwe. Madeni yalizidi shilingi bilioni 30 za Kenya. Nini kilisemwa ndani ya ofisi zao si la kubuniwa hapa. La hakika ni kwamba rafu zilizungumza na umma mapema sana, na mfanyakazi aliyekuwa akipanga zile chupa alijua anachokifanya.

Intel, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1968, ina kisa kinachofanana na cha Kangema. Ilijengwa juu ya vifaa vya kumbukumbu za kompyuta, kisha Wajapani wakavitengeneza bora na kwa bei nafuu. Kufikia 1985 Andy Grove, rais wa kampuni, alikuwa ametangatanga karibu mwaka mzima bila uamuzi. Katika kitabu chake cha 1996 anasimulia alivyomuuliza mwenzake Gordon Moore: kama bodi ingewafukuza na kuleta bosi mpya, huyo angefanya nini? Moore alijibu palepale kwamba angeachana na kumbukumbu. Grove akauliza kwa nini wasitoke mlangoni, warudi ndani, wafanye hivyo wao wenyewe. Wakafanya. Viwanda vilifungwa, maelfu wakapoteza kazi, na mwaka 1986 kampuni ilipata hasara kubwa kabla ya kusimama tena kwa vichakataji vya kompyuta.

Grove hakukosa taarifa. Kilichomfunga kilikuwa mapenzi: ile bidhaa ndiyo iliyomtambulisha. Ilimbidi ajifanye mgeni nyumbani kwake. Si kila mtu anaweza mchezo huo wa akili, na mtoa mada hashauri kuutegemea. Kumpata mgeni halisi ni rahisi zaidi: mhasibu wa mtaa wa pili, mfanyabiashara mstaafu, mtu asiyemdai mwenye biashara wala asiyedaiwa naye, anayeletewa daftari la mauzo na la madeni kila mwisho wa mwezi. Huyo akishaona, kumwambia mke au mume huwa na namba za kushika mkononi. Wafanyakazi wanafuata, kwa kipimo. Bosi anayemwaga hofu zake zote kwenye kikao cha asubuhi naye anaharibu, kwani kila mtu atatoka hapo kutafuta kazi nyingine.

Kwa kazi ya vikundi, washiriki watapewa hali moja. Duka la vifaa vya ujenzi lina wafanyakazi wanane. Fedha za mshahara wa mwezi huu zimepungua nusu, mwenye mali kauli anataka chake Ijumaa, na mke hajui kwamba hati ya kiwanja iko kwa mkopeshaji. Swali si fedha zitatoka wapi. Swali ni nani aambiwe kwanza, aambiwe nini, na nani asiambiwe kwa sasa. Kikundi kitakachojibu kwamba asiambiwe mtu yeyote kitatakiwa kutaja nani atakuwa wa kwanza kujua bila kuambiwa.